Mgomo wa zabibu Delano, California 1965: kwa nini huu ulishinda wakati wenye mashamba walishazoea kuvunja migomo?

#1 Kibarua Mstaafu
Wakuu salaam.

Kwa muda sasa nasoma habari za vibarua wa mashambani wenye asili ya Mexico kule California, na kuna jambo linanitatiza. Watu hawa waligoma na kupigwa miaka nenda rudi. Mwaka 1933 waligoma wachuma pamba wa bonde la San Joaquin, karibu 18,000, wakamiminiwa risasi pale Pixley mchana kweupe. Mwaka 1947 wakagoma kwa DiGiorgio, kampuni kubwa ya matunda, mgomo ukajikokota mpaka 1950 ukafa. Halafu anatokea Cesar Chavez, mzaliwa wa karibu na Yuma, Arizona, aliyeishia darasa la nane akaingia mashambani. Anaanzisha mgomo wa zabibu Delano Septemba 1965, na tarehe 29 Julai 1970 wenye mashamba wanakuja kwa miguu yao kwenye ukumbi wa chama kusaini mikataba.

Msimamo wangu: ni Chavez. Mfungo wake wa siku 25 mwaka 1968, msimamo wake wa kukataa fujo, ile subira. Mtoe yeye, ushindi haupo. Mwenye hoja nyingine ashushe nondo, matusi hapana.

#2 Chawa wa Kimara
Naweka kiti mbele kabisa. Zabibu zipite huku tunasoma.

#3 Bi Mkubwa wa Ngamiani
Mleta uzi, mgomo ule Chavez hakuuanzisha. Waliouanzisha ni Wafilipino, tarehe 8 Septemba 1965, chini ya chama kilichoitwa AWOC, kiongozi wao Larry Itliong. Walikuwa watu wazima, wengi walifika Marekani miaka ya 1920 na 1930 wakiwa vijana. Mei ya mwaka huo huo waligoma Coachella wakadai dola 1.40 kwa saa, wakapata. Walipopanda kaskazini hadi Delano kwa msimu, wakakuta wanaambiwa wafanye kazi ile ile kwa pungufu ya hapo. Wakakataa kutoka kambini.

Chavez alikuwa na chama chake, NFWA, alichokianzisha 1962 pamoja na Dolores Huerta na wenzao. Alijiona bado hajawa tayari kugoma. Lakini mbinu ya wenye mashamba ilikuwa ya zamani: Mfilipino akigoma, mwite Mmeksiko, Mmeksiko akigoma, mwite Mfilipino. Kambi zao zilikuwa mbalimbali, nyapara mbalimbali, hata makanisa. Itliong akamfuata Chavez, na tarehe 16 Septemba, sikukuu ya uhuru wa Mexico, watu wakajaa ukumbi wa kanisa la Guadalupe pale Delano wakapiga kura kuungana na wenzao. Hapo ndipo mbinu ile ilipokufa. Ukitaka sababu ya ushindi, ni hiyo.

#4 Dereva wa 99
Nipo Bakersfield mwaka wa kumi na kitu sasa, naendesha lori la friji. Barabara ya 99 inapita Delano, napakia zabibu huko kila msimu. Kwenye ghala moja kuna mzee wa Kimeksiko, baba yake alikuwa kwenye mgomo. Nilimuuliza swali hili hili la mleta uzi. Hakumtaja Chavez wala Itliong. Alisema, "Bracero ilikuwa imefungwa."

Kwa wasiojua: kuanzia 1942 serikali za Marekani na Mexico zilikuwa na mpango wa kuleta wanaume kwa mikataba ya muda kulima mashamba ya Marekani. Mikataba zaidi ya milioni nne na nusu ilisainiwa. Walipofika mpakani walivuliwa nguo wakapuliziwa DDT. Miaka ya kwanza walikatwa asilimia 10 ya mshahara iwe akiba yao wakirudi kwao, na wengi hawakuiona hiyo hela mpaka wanakufa. Mwaka 1963 pale Chualar lori lililogeuzwa basi liligongwa na treni, wakafa 32.

Sasa kwenye mgomo, bracero kisheria hakutakiwa kuvunja mgomo. Lakini DiGiorgio ya 1947 mleta uzi unayoitaja, walikuwepo shambani wakifanya kazi. Mpango ulikufa mwisho wa Desemba 1964. Mgomo wa Delano, Septemba 1965. Hesabu miezi.

#5 Chawa wa Kimara
Mkuu Dereva umemaliza. Uzi ufungwe.

#6 Mzabibu Makutupora
Ufungwe wapi, hata zabibu zenyewe hazijasema.

Mimi nalima zabibu hapa Dodoma, ekari chache tu. Niwaambie kitu ambacho msomi hakioni. Zabibu ya mvinyo na zabibu ya mezani ni kazi mbili. Ya mvinyo ukichuma vibaya, ikibonyea, inaenda kusindikwa tu. Ya mezani inataka mkono: unachagua kishada, unakata punje zilizooza kwa mkasi, unapanga kwenye kasha bila kufuta ule unga juu ya ganda. Na kupogoa ndiyo usiseme. Mtu asiyejua akipogoa leo, hasara unaiona msimu unaofuata. Wale Wafilipino anaowasema Bi Mkubwa walikuwa mafundi wa hiyo kazi kwa miaka thelathini. Huwezi kuwabadilisha na yeyote uliyemwokota stendi.

Halafu mzabibu ni mti wa kudumu. Shamba la pamba au nyanya mwakani unahamisha, unapanda kingine. Mwenye mzabibu amefungwa hapo. Pamba wakapata mashine, na nyanya nazo: pale chuo kikuu cha Davis walizalisha nyanya yenye ganda gumu ili ivunwe kwa mashine, na bracero walipoondoka mashine zikajaa mashambani ndani ya miaka michache. Zabibu ya mezani mpaka leo ni mkono.

#7 Wakili wa Kijiweni
Mzabibu, hiyo ni hoja nzuri, lakini haielezi kwa nini mgomo ulichukua miaka mitano. Kama fundi hana mbadala, mwenye shamba angesalimu amri msimu wa kwanza. Ukweli ni kwamba mavuno ya 1965 yalichumwa. Na ya 1966. Wavunja mgomo walipatikana, tena kwa mabasi. Mashambani mgomo ulikuwa unashindwa.

Ulishinda sokoni, na sababu yake ni ya kisheria. Mwaka 1935 Marekani ilipitisha sheria ya kuwapa wafanyakazi haki ya kuunda vyama na kujadiliana na mwajiri. Vibarua wa mashambani na watumishi wa majumbani waliachwa nje. Wabunge wa majimbo ya kusini hawakutaka watu weusi wa mashamba yao wapate haki hiyo. Mwaka 1947 ikaja sheria nyingine, Taft-Hartley, inayokataza vyama kususia biashara ya mtu wa tatu, yaani duka linalouza bidhaa ya mwajiri wako. Lakini kwa kuwa vibarua wa mashambani hawakuwemo kwenye sheria ya kwanza, katazo la pili halikuwagusa. Chama cha viwandani kingesimama mlangoni mwa supamaketi kuwaambia wateja wasiingie, kingeburuzwa mahakamani. Hawa walisimama.

#8 Dereva wa 99
Wakili, hiyo sheria ni ya 1947. Mbona waliogoma 1947 hadi 1950 hawakuitumia?

#9 Wakili wa Kijiweni
Walijaribu. Ernesto Galarza, mtu wa chama chao, na wenzake walisusia bidhaa za DiGiorgio, mwaka 1948 wakawekewa zuio la mahakama, na lilipokuja kuondolewa miezi ilishapita na nguvu imeisha. Haki unaweza kuwa nayo na ukachelewa nayo.

#10 Otieno wa Bandarini
Niaje watu wa nguvu. Mnazungumza kama vile 1948 na 1968 ni Marekani moja. Mwaka 1968 mama wa Chicago au Boston ameshaona kwenye televisheni watu weusi wakipigwa na polisi kule kusini. Kijana wa chuo ameshakuwa Mississippi akisajili wapiga kura, sasa anatafuta kazi nyingine ya kufanya. Chama kilituma vibarua wenyewe mijini, watu ambao hawakuwahi kutoka bondeni. Eliseo Medina alikuwa na miaka 21 alipopelekwa Chicago, hajui mtu, akaja kuzikabili supamaketi kubwa za mji. Huku ng'ambo mabaharia na makuli wa bandari Uingereza na Sweden wakakataa kupakua zabibu. Nimefanya kazi bandarini Mombasa, najua kontena la matunda likikaa juani siku tatu linanukaje.

Upande wa pili nao haukulala. Jeshi la Marekani lilizidisha ununuzi wa zabibu kupeleka Vietnam. Hiyo pia ilikuwa njia ya kuvunja mgomo, ila ya serikali.

#11 Kibarua Mstaafu
Asanteni kwa michango, lakini naona kila mtu anamkwepa Chavez. Wafilipino walianza, sawa. Nani aliwaza kuandamana kwa miguu kutoka Delano mpaka Sacramento? Waliondoka 17 Machi 1966, wakatembea zaidi ya kilomita 400, bendera ya Bikira wa Guadalupe mbele, wakaingia mji mkuu Jumapili ya Pasaka, 10 Aprili. Kabla hawajafika, kampuni ya Schenley ikapiga simu kutaka kusaini. Hakukuwa na sheria iliyoamuru, wala mzabibu uliooza. Ni mtu aliyejua watu wake ni Wakatoliki na Kwaresima ina maana gani kwao.

#12 Mzabibu Makutupora
Mkuu, Schenley ilikuwa kampuni ya pombe! Zabibu kwao zilikuwa sehemu ndogo ya biashara. Chupa zao zina jina, mlevi wa New York anaijua chupa, akiambiwa aiache anaiacha. Ndiyo maana wao wakasaini kwanza. Wenye zabibu za mezani walikaidi miaka minne zaidi, kwa sababu nani anajua kasha la zabibu limetoka kwa nani? Giumarra, mkulima mkubwa wa zabibu za mezani, aliposusiwa, alianza kutumia nembo za wenzake. Chama kikaona isiwe tabu, 1968 kikasusia zabibu zote za mezani za California. Akili hiyo sidhani kama ilitoka kwenye mfungo.

#13 Mwalimu Pensheni
Vijana, nimewasoma. Nirekebishe mawili.

Moja, mleta uzi anasema kabla ya 1965 ni vipigo tu. Mgomo wa pamba wa 1933 aliouweka juu kama mfano wa kushindwa, waliomba dola moja kwa kila ratili mia, wenye mashamba walikuwa wanatoa senti 60, mwisho wakalipwa 75. Watu watatu waliuawa siku moja, 10 Oktoba, wawili Pixley na mmoja Arvin, kwa hiyo sisemi ilikuwa sherehe. Lakini senti 15 juu ya 60, wakati wa mdororo ule, mtauita kushindwa?

Mbili, Bi Mkubwa anasema muungano wa mataifa mawili ulikuwa jipya. Mwaka 1903, Oxnard, wafanyakazi wa viazisukari wa Kijapani na Kimeksiko waliunda chama kimoja na wakashinda. Walipoomba kujiunga na shirikisho la vyama la Marekani, AFL, Samuel Gompers akawajibu wataingia kwa sharti la kutopokea Wajapani wala Wachina. Katibu wao Mmeksiko, Lizarras, akakataa. Wakabaki nje, chama kikafa.

Kwa hiyo kila sababu mliyoitaja ilishakuwepo peke yake mahali fulani.

#14 Bi Mkubwa wa Ngamiani
Shikamoo Mwalimu. Oxnard naijua. Ila sikusema ulikuwa wa kwanza, nilisema ndio ulioua mbinu pale Delano. Na AFL uliyoitaja, ikishaungana na kuwa AFL-CIO, ndiyo iliyokuwa ikiifadhili AWOC ya Itliong. Hilo nalo ni tofauti kati ya 1903 na 1965: safari hii kulikuwa na hela.

#15 Mwalimu Pensheni
Marahaba mwanangu. Hapo sina neno.

#16 Mbeba Boksi Minnesota
Nimekaa kimya lakini huyu Chavez mnayempamba hivi mnajua alichowafanyia watu wasio na karatasi? Mwaka 1974 chama chake kiliendesha kampeni ya kuwaripoti kwa uhamiaji. Kwenye mgomo wa wachuma malimau kule Yuma binamu yake Manuel aliweka watu na mahema kwenye mpaka wa Arizona kuzuia Wameksiko wasivuke, na watu walipigwa. Mimi nimeishi hapa bila karatasi kwa kipindi fulani, najua kulala na viatu. Kiongozi wa wanyonge anayempigia simu uhamiaji sitaki hata picha yake.

#17 Otieno wa Bandarini
Pole ndugu yangu. Lakini ujiweke pia pale. Umegoma miezi, watoto wanakula maharage ya msaada, halafu asubuhi linaingia basi la watu waliovushwa usiku, wanafanya kazi yako. Galarza mwenyewe, msomi, mtu mpole, alitumia miaka kuupinga mpango wa Bracero kwa hoja hiyo hiyo.

#18 Mbeba Boksi Minnesota
Galarza alipinga mpango wa serikali, hakupanga watu na fimbo mpakani. Na familia nyingi za wanachama wake Chavez zilikuwa na mtu asiye na karatasi. Vyama vingine, kama kile cha Bert Corona kule Los Angeles, vilimwambia wazi anakosea, wao waliandikisha hao hao. Hata yeye chama chake kikabadilika baadaye. Ila mwaka ule kilifanya.

#19 Yakhe wa Malindi
Na mie nitie langu. Mnataja Wameksiko na Wafilipino, Waarabu mmewasahau. Kwenye mashamba yale ya zabibu walikuwako Wayemeni, tena wengi. Mikataba ya 1970 ilipokwisha 1973 wenye mashamba wakawaruka watu wa Chavez wakasaini na chama cha madereva wa malori, Teamsters. Pakachafuka, watu zaidi ya 3,000 wakatiwa ndani. Agosti hiyo kijana wa Kiyemeni, Nagi Daifallah, alipigwa kichwani na askari kwa tochi nzito, akafa. Siku mbili nyuma yake akapigwa risasi mzee Juan de la Cruz kwenye mstari wa mgomo. Nagi alikuwa akiwatafsiria wenziwe. Maiti yake ikarudishwa Yemen.

#20 Chawa wa Kimara
Asante yakhe, hili sikuwa nalijua kabisa. Swali la mtu asiyesoma: kama 1970 walishinda, imekuwaje 1973 wameshapokonywa? Na leo chama kina watu wangapi?

#21 Wakili wa Kijiweni
Leo wanachama hawafiki 10,000, kwa jimbo lenye vibarua mamia ya maelfu. Mwaka 1970 mikataba ile iliweka dola 1.80 kwa saa na senti 20 kwa kasha, bima ya afya, na katazo la DDT kabla serikali haijaipiga marufuku 1972. Sasa ikaja sheria ya jimbo ya 1975, ya gavana Jerry Brown, ya kwanza California kuwapa vibarua wa mashamba uchaguzi wa siri wa chama. Walishinda chaguzi nyingi. Lakini chombo cha kusimamia sheria kilitegemea gavana, na kuanzia 1983 gavana akawa George Deukmejian, aliyeingia kwa msaada wa wenye mashamba. Kesi zikalala.

#22 Bi Mkubwa wa Ngamiani
Wakili usiwasingizie magavana peke yao. Chama kilijila chenyewe. Chavez alihamia makao ya milimani, La Paz, mbali na mashamba. Akachukua kutoka Synanon, kundi la kutibu waraibu wa dawa za kulevya, ule mchezo wa kukaa duara na kumshambulia mtu kwa maneno mpaka alie. Wafanyakazi wa zamani wakaitwa wasaliti, wakafukuzwa. Itliong alishaondoka 1971. Philip Vera Cruz, Mfilipino mwingine wa tangu mwanzo, akaondoka 1977 baada ya Chavez kwenda Manila kualikwa na Marcos, dikteta wa Ufilipino. Vibarua wa saladi wa Salinas walipotaka wachague wawakilishi wao wenyewe, wakaondolewa. Kama ushindi ulikuwa wake, mleta uzi, na huu mporomoko mwandikie.

#23 Kibarua Mstaafu
Nauandika, lakini kwa penseli. Wenye mashamba ndio walioanza kuajiri kupitia madalali wa vibarua ili wasiwe na mwajiri wa kudaiwa. Ungekuwa na malaika ofisini, dalali anabadilisha jina la kampuni kila msimu, utasaini na nani?

#24 Dereva wa 99
Hapo sasa mstaafu umesema. Madalali ndio kila kitu huku. Unaona basi jeupe limevuta choo nyuma, alfajiri, halina jina la shamba.

#25 Mzee wa Muheza
Nimevutiwa na habari ya vibarua wa mikataba. Baba yangu alikuwa manamba kwenye mkonge, alitolewa Njombe. Mkataba, kambi, kukatwa mshahara, yote hayo. Nilitaka kuuliza, kule walikuwa na zana gani?

#26 Mwalimu Pensheni
Mzee mwenzangu, la kukuuma ni jembe fupi. Mpini wake kama sentimita 30 hivi, walitumia kupunguza miche ya saladi na viazisukari. Mtu anainama kutwa. Mwenye shamba alilipenda kwa sababu akisimama barabarani anaona nani amenyoosha mgongo. California ililipiga marufuku 1975, baada ya madaktari kueleza mahakamani uti wa mgongo unavyoharibika.

Na mkonge wa baba yako ulitoka huko huko Mexico, rasi ya Yucatán. Mjerumani Hindorf aliagiza miche 1,000 kupitia Florida mwaka 1893, ikafika 62 hai. Kwa hiyo mmea ulitangulia.

#27 Chawa wa Kimara
Uzi ulianza na zabibu sasa tuko Muheza. Nawapenda humu.

#28 Mbeba Boksi Minnesota
Tukitoka California kuna mambo tunayaruka. Ohio, Baldemar Velásquez alianzisha FLOC, chama cha vibarua wa mashambani, 1967; wachuma nyanya wakagoma 1978, wakasusia supu za Campbell, na 1986 wakapata mkataba wa pande tatu: kibarua, mkulima, na kampuni inayonunua. Florida, Immokalee, watu hawakuhangaika na mkulima, walienda moja kwa moja kwa kampuni ya migahawa ya Taco Bell, 2001 hadi 2005, wakidai senti moja zaidi kwa kila ratili ya nyanya. Waliipata. Hawa hata si chama cha wafanyakazi kisheria, na wasio na karatasi wamo. Kwa hiyo Wakili ana hoja: mnunuzi ndiye mwenye mfuko.

#29 Mzabibu Makutupora
Nyanya za Florida nazo zinachumwa kwa mkono, kwa ajili ya kula mbichi. Nazidi kusisitiza zao.

#30 Dereva wa 99
Na mimi nasisitiza Bracero, kwa sababu imerudi kwa jina lingine. Viza ya H-2A, ya vibarua wa muda wa mashambani kutoka nje, nafasi zaidi ya laki tatu kwa mwaka zinaidhinishwa. Kijana anatoka Michoacán, viza imefungwa kwa mwajiri mmoja, akigombana naye anarudishwa. Pale ghalani kwetu msimu uliopita wenyeji walikuwa wachache kuliko hao. Nani atagoma?

#31 Otieno wa Bandarini
Jimbo la Washington waligoma, Dereva. Mwaka 2013, wachuma stroberi na bluberi wa shamba la Sakuma, wengi Wamixteco na Watriqui, makabila ya asili ya Mexico, Kihispania chenyewe ni lugha ya pili kwao. Mwajiri akaomba watu wa H-2A waje, wakazuia ombi. Wakasusia stroberi miaka mitatu, mkataba ukaja 2017.

#32 Bi Mkubwa wa Ngamiani
Watu wa lugha tofauti, shamba moja. Nilisema nini post ya tatu?

#33 Wakili wa Kijiweni
Ulisema, lakini soma tena: wakasusia. Sokoni.

#34 Mzabibu Makutupora
Stroberi. Mkono.